Nilivyolitengeneza dodoso la kozi ya Kiswahili kwa wageni likaanza kusema kweli

Kozi ninayoisimamia hapa Unguja ni ya wiki 4: saa nne za darasa kila asubuhi, kipindi kimoja cha alasiri, makundi ya watu 6 hadi 8, na wanafunzi wengi wanakaa na familia mwenyeji. Kila kozi ikimalizika tulikuwa tukigawa dodoso, na kila mara lilirudi na sifa tele. Sifa hizo hazikuwahi kutuonesha cha kurekebisha hata mara moja. Dodoso tunalotumia sasa ni fupi, lina alama za chini zaidi, na kila jibu lake tunalifanyia kazi. Najivunia hilo, kwa hiyo naeleza tulivyofika, hasa pale tulipokosea.

Dodoso la zamani lilikuwa na maswali 46 katika kurasa 4. Liligawiwa Ijumaa ya mwisho, vyeti vimeshatolewa, na mwalimu wa darasa ndiye aliyekusanya fomu. Mizani ilikuwa ile ya ngazi 5 inayotokana na kazi ya Rensis Likert ya mwaka 1932, kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa". Wastani wa jumla ukawa 4.6. Kitabu, mwalimu, chakula, feni ya darasani, vyote vilianguka baina ya 4.4 na 4.8. Wakati huohuo mahudhurio ya alasiri yalikuwa yakishuka kuanzia wiki ya 2, na watu wenye vyeti mkononi walikwenda sokoni Darajani wakanunua maembe kwa Kiingereza.

Nikalipitia swali kwa swali. Kosa la kwanza lilionekana upesi: "Mwalimu hueleza vizuri na huanza kwa wakati." Hayo ni mambo mawili. Anayeridhika na maelezo lakini kachoshwa na kuchelewa ataweka alama wapi? Huweka 4, na 4 hiyo haina maana. Maswali 11 kati ya 46 yalikuwa na "na" ya namna hiyo. Ukitaka kulikagua dodoso lako leo, anza kwa kuizungushia duara kila "na" na kila "au".

Kosa la pili lilitokana na ushauri ambao bado naona watu wanaurudia: dodoso liandikwe kwa Kiswahili, eti nalo ni zoezi. Mtu wa wiki ya 4 anajua kuagiza chai na chapati. Hajui "uwiano baina ya nadharia na vitendo". Asiyelielewa swali haliachi wazi, bali hutia alama palepale alipotia kwenye swali la juu yake. Fomu 5 kati ya 21 zilikuwa na 5 tupu kuanzia swali la 20 hadi la mwisho. Tukaliandika upya kwa lugha ambazo wanafunzi wetu wanazimudu: Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Mmoja hutafsiri, mwingine ambaye hajaona asili hulirudisha kwenye Kiswahili, kisha tunalinganisha. "Mwalimu ni mkali kiasi gani?" lilirudi kwetu likiwa "Mwalimu ana hasira kiasi gani?" Lilifutwa siku hiyohiyo.

Kabla ya kuchapisha, watu 3 hulijaza mbele yetu na kutueleza kwa maneno yao kila swali linauliza nini. Hatuwasaidii, tunaandika tu. Kwa njia hiyo "mazingira ya kujifunzia" lilipata tafsiri tatu: joto la darasani, makelele ya barabarani, na familia mwenyeji. Zoezi hili linakula saa moja na nusu hivi na soda za watu watatu.

Sasa nije kwenye swali lililotusumbua kuliko yote: "Mwalimu hunisahihisha vya kutosha." Kwenye fomu zilizoandikwa upya lilikuwa na alama ya chini kuliko mengine, 3.1, tukaona hapa ndipo pa kurekebisha. Tukawaambia walimu wasahihishe zaidi. Kozi iliyofuata ikatoa 3.0. Walimu wakalalamika, na walikuwa na haki. Nilipozirudia fomu pamoja na maelezo ya pembeni nikaona kwamba 2 ya mmoja ilimaanisha "haniambii makosa yangu" na 2 ya mwingine ilimaanisha "hanipi nafasi ya kumaliza sentensi". Alama moja, malalamiko mawili yanayopingana.

Tukabadilisha mizani. Badala ya kukubali au kukataa, masahihisho ni: machache mno, machache, yanatosha, mengi, mengi mno. Jibu zuri sasa limekaa katikati, si mwishoni, na mtu anayezungushia 5 kwa adabu anajikuta amelalamika. Kundi la kwanza la watu 8 lilijibu hivi: 3 machache mno, 1 yanatosha, 3 mengi, 1 mengi mno. Kokotoa wastani wake utapata 2.9, yaani karibu kabisa na "yanatosha", ilhali ni mtu mmoja tu kati ya wanane aliyesema yanatosha. Tangu hapo maswali ya aina hii tunayahesabu, hatuyapigii wastani. COUNTIF, fomula ya kuhesabu ya Excel, inatosha.

Kozi iliyofuata tukaligawa swali mara mbili: masahihisho wakati wa mazungumzo, na masahihisho wakati wa mazoezi ya sarufi. Ukweli ukajitokeza. Walitaka waachwe wanaposimulia jambo, na walitaka washikiliwe kwenye ngeli. Mtu anayeeleza safari yake ya Pemba akasema "kitabu yangu kilipotea" aachwe amalize; akisema hivyo kwenye zoezi la upatanisho asipite. Sasa mwalimu anaandika makosa pembeni wakati wa mazungumzo na kuyatoa dakika 5 za mwisho. Mabadiliko hayo hayakugharimu chochote, na mizani ya zamani isingeweza kutufikisha hapo.

Ushauri mwingine nilioupokea kwa heshima ni kuchanganya maswali ya kukanusha ili kuwanasa wanaozungushia bila kusoma. Tuliujaribu. "Sikuona kwamba mazoezi hayana faida" lilichanganya hata walimu. Anayesoma kwa lugha yake ya pili au ya tatu hulikosa kanusho moja, akajibu kinyume cha anachotaka, nawe unadhani umemnasa mzembe. Tuliyatoa yote. Kumjua asiyesoma, tazama mistari iliyonyooka, yaani alama moja iliyorudiwa hadi chini, na muda aliotumia.

Upande wa maendeleo ya lugha tuliacha kuuliza "Kiswahili chako kimeboreka?" Tunatumia kauli za uwezo, kwa mtindo ule wa viwango vya umahiri wa lugha vya A1 hadi C2 vilivyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ila vitendo ni vya hapa: naweza kupunguziwa bei na kulipa bila kugeukia Kiingereza, naweza kupanda daladala na kumwambia utingo ninaposhuka, naweza kufuata mazungumzo ya watu wawili wa nyumbani wasiozungumza nami, naweza kupanga miadi bila kukosea saa.

Hiyo ya saa ndiyo iliyotufundisha jambo. Siku ya kwanza wengi walijipa 4, kwa sababu walikwishajifunza kuhesabu. Hawakujua kwamba saa mbili asubuhi kwao ni saa nane. Wiki ya 4, wakiwa wameijua saa yetu kweli, walijipa 4 tena. Kwenye karatasi hakuna aliyejifunza kitu! Kipimo cha ndani ya mtu kilikuwa kimesogea. Dawa ni kuuliza yote mawili mwishoni, kwenye fomu moja, safu mbili: "nilipofika" na "leo". Mtu anayejua sasa ndiye anayeweza kupima alivyokuwa hajui. Njia hii nayo ina udhaifu, kwani kila mtu hupenda kuona amepiga hatua, hivyo tunaiambatanisha na rekodi ya mazungumzo ya dakika 3, ya siku ya kwanza na ya mwisho, inayosikilizwa na mwalimu wa kundi jingine asiyeambiwa ipi ni ipi.

Dodoso lenyewe la kuendeshea kozi limehamia Alhamisi ya wiki ya 2. Wiki ya 1 watu bado wanapambana na joto na majina. Wiki ya 3 huna muda wa kubadilisha. Maswali ni 12, dakika 10. Mwalimu anatoka nje, mtu wa ofisini anakusanya kwenye bahasha na kuifunga mbele yao. Kundi la watu 7 likiandika kwa mkono, mwalimu anawajua wote kwa mwandiko, kwa hiyo maswali wazi yanajibiwa kwa simu kupitia Fomu ya Google, na kile kipengele cha kukusanya barua pepe kimezimwa. Kiungo wakifungue hukohuko darasani. Tulipowatumia WhatsApp wakajaze nyumbani, nusu hawakujaza.

Jumatatu asubuhi tunarudisha majibu: mlisema hili, tutafanya hili, hili hatuliwezi, na sababu ni hii. Ukiruka hatua hii, dodoso linalofuata litajazwa na watu wanaojua kwamba hakuna anayesoma.

Maswali 12 tuliyapataje kutoka 46? Nilichora safu pembeni ya kila swali na kuandika: jibu likiwa baya, nani atafanya nini, lini? Swali lililobaki na safu tupu lilifutwa. La feni lilibaki, kwa sababu fundi yupo. La "falsafa ya ufundishaji" liliondoka.

Kwenye hesabu, usiandike asilimia kwa darasa dogo. Mtu 1 kati ya 7 ni asilimia 14, na ukiandika hivyo bodi itadhani ni umati. Andika "watu 3 kati ya 7". Usigawanye majibu kwa nchi kama kikundi kina watu chini ya 5: ukiandika "Mkorea" na yuko mmoja, umeshamtaja jina. Kuna aliyeniambia nikokotoe alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyoafikiana, ili dodoso lionekane la kisayansi. Alfa inafaa pale maswali kadhaa yanapopima kitu kimoja, na hupanda ukiongeza tu idadi ya maswali ya aina hiyo. Maswali yangu 12 yanapima vitu 12. Majibu ya maswali wazi nayasoma mara mbili na kuyapa vichwa, kisha mwenzangu anachukua 30 na kuyapa vichwa bila kuona vyangu. Tukipishana zaidi ya 6, vichwa vyenyewe havieleweki, tunaviandika upya.

Yote hayo bado hayakutupa sababu ya alasiri. Wanafunzi walilisifu somo la alasiri na hawakuja. Dodoso linalojibiwa na waliopo darasani haliwezi kukueleza kuhusu asiyekuwepo, kwa hiyo tulifanya mambo mawili. Waliokuwa wamekatisha kozi tuliwaandikia WhatsApp maswali 3 tu, ya kujibiwa hata kwa sauti. Na familia wenyeji tuliwafuata nyumbani kwa maswali 6, tukiuliza kwa mdomo, na mengine yakiwa yaleyale ya wanafunzi: jana mgeni wako alizungumza Kiswahili saa ngapi, na nani, kuhusu nini? Jana, si "kwa kawaida", maana la kawaida kila mtu hulipamba.

Mama wenyeji ndio waliotoa jibu. Kipindi kilianza saa nane na nusu mchana. Chakula cha mchana kwenye nyumba nyingi huwekwa baada ya sala ya adhuhuri, watoto wakisharudi, yaani kwenye saa nane hivi, na mgeni aliyelelewa vizuri hanyanyuki kwenye mkeka na kuacha watu wanakula. Wanafunzi walikuwa wanachagua adabu, tena wakizungumza Kiswahili kingi kuliko darasani. Tukakisogeza kipindi hadi saa kumi na nusu, baada ya sala ya alasiri, na kazi yake ya kwanza ikawa kusimulia kwa Kiswahili yaliyozungumzwa kwenye mkeka siku hiyo. Kozi iliyofuata kundi la watu 8 lilikuwa na watu 7 alasiri ya wiki ya 3, na yule wa nane alikuwa na homa.