Maswali matatu ya aljebra, tanki moja la maji

Binti wa dada yangu yuko kidato cha tatu hapa Dodoma, juzi kaja na homuweki ya hesabu, swali la kwanza mlinganyo, la pili sikwensi (namba zinazofuatana kwa mpangilio), la tatu fanksheni, na kila moja kaliandikia fomula yake pembeni kama vitu visivyojuana kabisa. Inaniuma sana hii. Watoto wanakariri fomula tatu wakati jambo la kuelewa ni moja tu, kuna kitu kinaongezeka au kinapungua kwa kiasi kilekile kila hatua, basi.

Nikamwambia funga daftari kwanza, tuongelee tanki la maji. Wa Dodoma mgao tunaujua, kwahiyo hapo hakuna wa kufundishwa. Tanki la lita 1000 limejaa, nyumba inatumia lita 80 kwa siku.

"Anko, leo jioni zitabaki 920, kesho 840, keshokutwa 760."

Hiyo ndo sikwensi yenyewe! Tofauti ni hasi 80. Sasa hapa ndo wengi wanapotelea, wanaweka 1000 kama namba ya kwanza, lakini 1000 ni kabla hujachota hata ndoo moja, ni siku ya sifuri, namba ya kwanza ni 920. Ukiandika 920 - 80(n - 1), n ikiwa namba ya siku, halafu ukafungua mabano unapata 1000 - 80n, na ile 1000 inarudi yenyewe mahali pake. Alivyoiona hiyo akacheka, akaifanya tena peke yake.

Fanksheni ni ileile, f(x) = 1000 - 80x, unaipa siku x inakupa lita zilizobaki, ukichora grafu mstari unaanzia 1000 na kushuka 80 kila hatua. Na mlinganyo ni kuuliza tu swali kinyume, siku ya ngapi zitabaki lita 200? 1000 - 80x = 200, toa 1000 pande zote mbili, -80x = -800, gawa kwa -80, x = 10. Ile ya "ikivuka inabadilisha alama" mi siipendi, mtoto anadhani namba inaruka ukuta, wakati umetoa kitu kilekile huku na huku mizani isilale.

Halafu nikamuuliza f(13) ni ngapi. Kapiga, kapata hasi 40, kaniangalia. "Anko, maji hayawezi kuwa hasi." Kweli hayawezi, siku ya 13 haimaliziki na maji, kwahiyo x inaanzia 0 na mwisho wake ni 12.5, na hiyo ndo domeini, yaani namba ambazo x inaruhusiwa kuwa, ambayo kwenye daftari ilikuwa mstari mmoja wa kukariri.

Al-Khwarizmi, yule mwanahisabati wa aljebra, kule Baghdad karne ya 9 alieleza milinganyo yote kwa maneno, hana x wala y. Kwahiyo mtoto akikwama na Kiingereza cha swali mwache aseme kwa Kiswahili kwanza, alama zitafuata.

Wenye wadogo zao jaribuni hii: tanki la lita 2000, nyumba inatumia 150 kwa siku, siku ya ngapi zitabaki 500? Jibu ni 10. Ila muulize pia namba ya kwanza ya sikwensi, akikwambia 2000 mrudishe siku ya sifuri.