Mapaja yangu baada ya mazoezi ya kundi, na washauri wangu

Waliponiona natembea nimetanua miguu, kila mmoja alikuwa na dawa yake. Huyu anasema oga maji ya moto, yule anasema barafu, mwingine anasema rudi ukapige zoezi lilelile kwa nguvu zaidi, moto huzimwa kwa moto. Na karibu wote walimalizia na maneno yaleyale, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Hiyo ni asidi imejaa kwenye misuli, lazima uitoe." Hiyo asidi ilinikera kuliko maumivu yenyewe. Nitaifikia.

Darasa lenyewe lilikuwa limejaa, muziki juu, kocha kavaa maiki ya kichwani. Kuchuchumaa na kusimama, kupiga hatua ndefu mpaka goti la nyuma linakaribia kugusa sakafu, kuruka, pushapu, halafu mwanzo tena. Peke yangu ningeacha mapema bila aibu yoyote. Ndani ya kundi huachi. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mwenye umri wa kunizaa, anachuchumaa huku anaimba. Na kocha naye ana hila zake: anapaza sauti "mbili za mwisho!", unazitoa kwa pumzi iliyobaki, kisha anaanza kuhesabu upya kutoka nane.

Muziki ulipozimwa nikasimama palepale, mikono kiunoni, macho yakaanza kuingia giza. Kocha akaja mbio akanisukuma mgongoni. "Tembea kaka, usisimame! Tembea!" Huo ndio ushauri pekee wa bure nilioupata wiki ile uliokuwa na maana. Wakati wa zoezi mishipa ya damu ya miguuni inatanuka, na misuli inayojikaza na kulegea ndiyo inayosaidia kuisukuma damu irudi juu. Ukisimama ghafla damu inabaki chini, presha inashuka, unaweza kuanguka zoezi likiwa limeshakwisha. Siku hizi nazunguka ukumbi mpaka pumzi itulie, hata wakinicheka.

Usiku ule nililala vizuri, na asubuhi nikawa na ugumu kidogo tu. Nikajisifu kwa mama watoto kwamba mwili wangu bado wa kijana. Keshokutwa yake ndipo nilipolipa. Maumivu ya aina hii ndivyo yalivyo: huanza saa 12 hadi 24 baada ya zoezi, hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, halafu hupungua yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Mimi sikuwa na habari hiyo, kwa hiyo niliamka nikijiuliza ni nani amenipiga.

Nilijua kwa mara ya kwanza kwamba choo chetu kiko chini sana. Kukaa ilikuwa ni kushika kitasa cha mlango kwa mkono wa kulia, sinki kwa mkono wa kushoto, kufumba macho na kujiachia. Kunyanyuka sisemi. Ngazi za kupanda hazikuwa na shida kubwa. Za kushuka ndizo zilizonitoa machozi, kila hatua paja linatetemeka kisha linataka kukunja bila ruhusa yangu. Nikaja na mbinu ambayo hadi leo najivunia: nageuka kinyumenyume, nashika reli kwa mikono yote miwili, nashuka nikitazama nilikotoka. Uzito unaingia mikononi, goti halikunjwi sana. Mtoto wa jirani aliketi ngazi ya chini akanitazama safari nzima. "Shikamoo, anko," akasema nilipofika. "Unacheza nini?"

Halafu mizani. Nilijipima nikitegemea kupungua, nikakuta nimeongezeka. Nikaitukana mashine bure. Misuli iliyoumia huvimba na kushika maji, kwa hiyo siku chache baada ya zoezi kali uzito unaweza kupanda bila wewe kunenepa. Msijipime wiki hiyo, mtajikatisha tamaa.

Sasa asidi. Wanayoizungumzia ni ile asidi ya laktiki, na ukweli ni kwamba laktiki hupanda wakati wa zoezi na kurudi kawaida ndani ya saa moja hivi. Mimi niliumia keshokutwa yake. Inakuwaje kitu kilichoondoka kabla sijafika nyumbani kiniume siku mbili baadaye? Mtu akikimbia mlima kwa kupanda laktiki inajaa lakini misuli haiumi sana. Akikimbia kuteremka laktiki inabaki kidogo, na kesho yake hatembei. Kinachoumiza ni misuli kufanya kazi huku inarefushwa: ile sehemu ya kushuka unapochuchumaa, ile ya kuteremka kwenye pushapu. Hapo nyuzi za misuli zinachanika kidogokidogo, mwili unaanza ukarabati, na ukarabati unakuja na uvimbe. Mwanafiziolojia Theodore Hough alishasema tangu mwaka 1902 kwamba huenda ni michaniko ndani ya misuli. Zaidi ya miaka mia moja, na bado kila jimu ina profesa wa asidi.

Profesa wa kwetu ndiye aliyenipa kipigo cha pili. Aliniona nimeegemea ukuta akasema, "Njoo nikunyooshe, asidi itoke leoleo." Nikalala kwenye mkeka. Akaushika mguu, akauweka begani kwake, akaegemea mbele kwa uzito wake wote. Nilisikia sauti nikadhani ni ya mtu mwingine. "Vumilia, ndiyo inatoka hiyo!" Akahamia mguu wa pili. Kisha akanigeuza kifudifudi, akakivuta kisigino kuelekea kiunoni, akanikunja kama godoro linaloingizwa kwenye gari dogo. Watu wakakusanyika, mmoja akiniombea, mwingine akirekodi. Jioni hiyo nilivaa soksi kwa msaada. Baadaye nikasoma kwamba watafiti waliojumlisha majaribio mengi waliona kunyoosha, kabla au baada ya zoezi, hakupunguzi maumivu haya kwa kiasi cha maana. Kuvuta kwa nguvu misuli iliyokwisha kuchanika, hilo wala halihitaji mtafiti.

Dawa za maumivu nilizikwepa. Ibuprofeni na ndugu zake zinaweza kuzielemea figo ukiwa umeishiwa maji, na baada ya darasa lile fulana yangu ilikuwa inachuruzika.

Kuhusu figo niseme jambo ambalo si la kuchekesha. Dada mmoja wa darasani alikuja mara ya kwanza siku ya mashindano ya pushapu, na hakutaka kuwa wa kwanza kuacha. Baada ya siku mbili mikono ilivimba, haikunyooka wala kukunja, na mkojo ukawa wa kahawia iliyokolea. Waliomzunguka wakamwambia ni kawaida, anywe maji apumzike. Shemeji yake akampeleka hospitali kwa nguvu, akalazwa, akawekewa dripu. Inaitwa rabdomayolisisi: misuli inavunjika kwa wingi, protini yake inayoitwa mayoglobini inamwagika kwenye damu na inaweza kuziharibu figo. Hupimwa kwa kimeng'enya cha misuli kwenye damu, ambacho kwa kawaida hakizidi sana yuniti 200 kwa lita, lakini kwa wagonjwa hawa hufika maelfu, hata makumi ya maelfu. Alipona. Uvimbe, udhaifu usio wa kawaida, mkojo wa kahawia iliyokolea: hapo usimuulize mtu wa jimu.

Mimi kilichonisaidia ni kutembea taratibu, kulala, na muda. Kutembea hakuponyi, kunakupa nafuu ukiwa unatembea, na nafuu ya nusu saa niliipokea kwa mikono miwili. Nguvu huchelewa kurudi kuliko maumivu yanavyoondoka, kwa hiyo nilipoacha kuumwa bado sikubeba kitu kizito kwenye ngazi.

Ujanja wa kweli niliujua baadaye. Misuli inakumbuka: ukishaipa dozi ndogo ya zoezi jipya, safari inayofuata haiumii sana, na kinga hiyo huweza kukaa wiki kadhaa. Basi kila wakibadilisha ratiba, siku mbili tatu kabla nafanya raundi moja nyumbani, nusu ya kina, bila muziki wala mama wa kuniaibisha. Darasani nimehamia safu ya nyuma karibu na mlango, na "mbili za mwisho" za kwanza ndizo zangu. Zile nane napumzika huku nimenyanyua mikono nionekane nipo.

Sasa wametangaza zoezi la kuruka juu ya boksi na kushuka. Kocha ameniuliza nitafanya ngapi, nikamjibu tano. Profesa ameshajitolea kuninyoosha baadaye, nimemwambia aanze na kocha.