Jinsi nilivyorudisha Child Benefit pamoja na malimbikizo

Kwa tulio Uingereza: malipo ya Child Benefit (ruzuku ya serikali kwa wenye watoto) yalirudi, lakini mwanzoni ya mwaka uliopita hayakuja. Tulikuwa tumeyasimamisha kwa sababu ya ile kodi ya mwenzi mwenye kipato kikubwa, inayoanza pauni 60,000 tangu Aprili 2024.

Usifungue dai jipya. Hilo hurudi nyuma miezi 3 tu. Dai la zamani bado lipo hai. Waombe HMRC (mamlaka ya kodi) waanzishe malipo yake upya, na utaje mwaka wa kodi unaodai, 6 Aprili hadi 5 Aprili. Bila kuutaja, huanza Jumatatu inayofuata.

Kilichofungua mlango ni hesabu ya kipato. Hawaangalii mshahara mtupu, wala hawajumlishi wa wenzi wawili. Mshahara ulikuwa 61,500, ila pauni 1,600 zilizotoka mfukoni mwetu kwenda kwenye pensheni binafsi huhesabiwa 2,000, pamoja na nafuu ya kodi inayoongezwa humo. Kipato kikabaki 59,500: kodi sifuri, malimbikizo yakalipwa. Wengi hupunguza 1,600 tu kwenye mshahara; wakati mwingine hiyo 400 ndiyo inayoamua.

Muda ni miaka 2 baada ya mwaka huo wa kodi kuisha: wa 2024/25, mwisho 5 Aprili 2027.