Hija yetu ya Bagamoyo

Jana sisi viongozi wa Karitasi parokiani, huduma ya Kanisa Katoliki kwa wahitaji, tulihiji Bagamoyo. Wiki nzima tulikuwa tukipeleka unga, maharage na sabuni kwa wazee wanaoishi peke yao. Bibi mmoja alinishika mkono, akaomba nimsomee Zaburi kwanza, unga baadaye. Nilimbeba moyoni hadi makaburini kwa wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani. Wengi walikufa wangali vijana, kwa homa. Nilisoma majina kwenye mawe, nikashindwa kusema. Kisha rozari chini ya msalaba, upepo wa bahari ukitupiga, mama mwenyekiti wetu machozi yanamtoka. Jumamosi tunarudi kwa bibi. Nimemchukulia rozari ya mbao.