Siku Tepu Yangu Iliponipima

Aliyekuja kuazima tepu alikuwa sista kijana, koti jeupe juu ya jinzi, na mkononi ameshika tepu yake iliyokatika vipande viwili. Alisubiri nimalize mshono wa mfuko ndipo akasema, "Habari ya kazi, fundi? Tuko pale Nyayo Gardens, tunapima watu bure. Tepu yetu imekatika na laini ni ndefu. Tusaidie na yako, saa moja tu."

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 13 Novemba 2021. Kesho yake ilikuwa siku ya kisukari duniani, ndiyo maana ya lile hema. Nami nilikuwa na kazi nyingi ajabu. Nakuru ilikuwa inajiandaa kuitwa jiji (hati yenyewe tulikabidhiwa Desemba mosi), na kila aliyejiona ana cheo alitaka kaunda suti mpya. Kwenye baraza ya lile duka la vitambaa tulikuwa mafundi wanne, na vyerehani havikupoa.

Fundi haazimi tepu, kama vile kinyozi asivyoazima mashine. Lakini yule binti alikuwa na adabu, na mgongo ulikuwa umeshaniuma. Nikamwambia, "Tepu nitaileta mwenyewe, nitakaa nayo, nitarudi nayo." Njiani nikamsomea somo. "Yenu imekatika kwa sababu mlikuwa mnaivuta. Tepu ikivutwa sana hurefuka. Ikirefuka inaanza kusema uongo." Akaitikia, "Kweli, fundi," nami nikajiona profesa.

Chini ya hema kulikuwa na meza tatu: ya kilo na urefu, ya kiuno, na ya presha na sukari. Sista akavua tepu shingoni mwangu, akasema kwa kuwa nimewaokoa, atanitanguliza.

"Hakuna haja," nikamwambia. "Mimi nimejipima. Kiuno ni 36."

Akaangalia tumbo langu, ambalo lilikuwa limeinama juu ya mshipi kama uji unaotaka kumwagika. "36 ni ya mshipi, baba. Sasa huo mshipi umefungwa wapi?"

Hapo nilinyamaza, kwa sababu kama kuna mtu katika mji huu aliyestahili kulijua jibu, ni mimi. Miaka 19 nimewashonea wanaume wa Nakuru suruali. Mwanamume akianza kutoka kitambi, namba yake haibadiliki. Ni mshipi unaohama. Mwaka wa kwanza uko kitovuni, wa tatu uko chini ya kitovu, wa sita umefika pale mifupa ya nyonga inapoishia, na bado anakuambia, "Fundi, mimi ni 36 tangu nioe." Wewe fundi unafanya nini? Unaikata suruali mbele ishuke kidogo, nyuma ipande, isije ikamteremka akiinama kanisani. Shati unaliongeza upana kwa mbele na kuacha mabega jinsi yalivyo, maana mabega hayajanenepa. Mteja anatoka amefurahi. Kazi ya fundi ni kuuficha ukweli kwa kitambaa, na mimi nilikuwa nimejifichia wangu kwa ustadi ule ule.

Na tuseme kweli, kitambi changu nilikipenda. Nilianza kazi nikiwa mwembamba kama sindano na wateja walinipatana bei mpaka machozi. Tumbo lilipotokea, wakaanza kuniita mkubwa. Mama yangu, aliye Njoro, aliwaambia majirani kwamba mtoto wake ameomoka. Ni mpaka nilipoanza kuhema nikipanda ngazi za kwenda kununua vifungo ghorofani ndipo nilipotafuta dawa, kimyakimya. Niliwahi kukimbia asubuhi nikiwa nimejifunga mifuko ya nailoni tumboni, enzi ambazo mifuko hiyo haijapigwa marufuku. Jasho lilitoka kama bomba, nikapungua kilo nzima, nikanywa maji, kilo ikarudi kabla ya chakula cha mchana. Nilinunua chupa ya dawa ya kukata tumbo kwa kijana wa steji; ilinikata tumbo kweli, siku mbili chooni. Nikalala chali kila usiku nikijiinua mara 50, hadi mke wangu akauliza kama nagombana na kitanda.

Nirudi hemani.

Sista alianza kwa kutafuta ubavu wangu wa mwisho kwa vidole viwili. Ilimchukua muda. Akaomba chaki yangu, akatia alama kwenye shati. Kisha akateremka mpaka akagusa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, akatia alama nyingine, na katikati ya hizo mbili akachora mstari. Nikamuuliza mbona hapimi kitovuni, kama tunavyofanya sisi.

"Kitovu huhama na tumbo, baba. Mfupa hauhami."

Nilitamani maneno hayo ningekuwa nimeyasema mimi.

Akanizungushia tepu, akainama kuangalia kama imekaa sawa mgongoni. "Toa pumzi kama kawaida." Nikatoa pumzi yote, na tumbo nikalivuta ndani kwa nguvu zangu zote. Akangoja. Watu wa laini nao wakangoja. Alipoona uso wangu unabadilika rangi, akauliza kwa upole, "Wateja wako wakikufanyia hivyo, huwa unawaambiaje?"

"Nawaambia suruali itawabana."

"Haya."

Nikaliachia. Tepu ikasoma 109. Nikaipindua upesi nione upande wa inchi, labda huko kuna huruma: 43 kasoro kidogo.

Akanieleza huku akiandika. Kwa mwanamume, kiuno kikifika sentimita 94 hatari imeanza, kikipita 102 imekuwa kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Na asiyependa kukariri namba atumie urefu wake, kiuno kisizidi nusu. Mimi nina sentimita 168, nusu yake ni 84. Kwa kuwa mfukoni sikosi uzi, nikajipima palepale. Unakata uzi wa urefu wako kuanzia utosini hadi kisigino, unaukunja katikati, unajizungushia. Ncha zikikutana, ni salama. Zangu hazikukutana. Niliweka mkono kwenye lile pengo: shubiri nzima na vidole viwili juu.

Kilichonichanganya ni kwamba meza ya kwanza ilikuwa imenipa moyo. Huko nilikuwa na kilo 81, wakagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ikaja 28.7. Kitabu chao kinasema kuanzia 18.5 hadi kabla ya 25 ndio uzito mzuri, 25 hadi kabla ya 30 umezidi, 30 kwenda juu ni unene wa maradhi. Kwa hiyo nilikuwa nimezidi tu, kama nusu ya watu ninaowafahamu. Lakini nyuma yangu alikuwa amesimama kijana mcheza raga, shingo kama gogo, kilo 98, urefu 178. Hesabu ile ile ikampa karibu 31, na karani wa meza ya kwanza akamwandikia unene wa maradhi. Kijana alikasirika. Sista alipomzungushia tepu ikasoma 86, chini ya nusu ya urefu wake. Watu wakacheka, naye akacheka.

"Mizani haijui nyama na mafuta," sista akasema. "Inajua kilo tu. Ndiyo maana tuna meza mbili."

Baadaye nilisoma kwamba hesabu ile ilianzia kwa Mbelgiji mmoja wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, bingwa wa nyota na takwimu. Hakuwa daktari, wala hakuwa akitafuta wagonjwa. Alikuwa akimtafuta mtu wa wastani. Angepita kwenye baraza letu ningemwokolea muda. Kama mtu wa wastani angekuwepo, suti za dukani zingemkaa kila mtu, na mimi ningekuwa nalima viazi Njoro.

Nikajitetea kwa mara ya mwisho. Nikapiga tumbo langu kwa kiganja, likalia kama ngoma. "Sikia lilivyo gumu. Hili si la mafuta."

Sista hakucheka. Alisema mafuta unayoweza kuyafinya kwa vidole yako chini ya ngozi, na hayo ni afadhali. Yanayosumbua zaidi yamejazana ndani, yamezunguka utumbo na ini, na hayo hayafinyiki. Ndiyo yanayokwenda pamoja na presha, sukari na moyo. Tumbo gumu la namna yangu mara nyingi limejaa kutoka ndani. Kuhusu kujiinua kitandani, alisema nitapata misuli mizuri ambayo hakuna atakayeiona, kwa sababu mwili ukianza kutumia mafuta huchota unapotaka wenyewe, hauchagui pale ulipopachosha.

Meza ya tatu haikuchukua muda. Presha 148 kwa 94. Sukari 8.2, ila nilikuwa nimeshakunywa chai, kwa hiyo wakaniambia nije Jumatatu kliniki bila kula. (Nilienda. Ilikuwa 6.3. Haijawa kisukari, wakasema, lakini iko mlangoni.) Ni kwenye meza hiyo sista aliponiuliza natia vijiko vingapi.

"Vitatu."

"Na vikombe vingapi kwa siku?"

Fundi hunywa chai kama cherehani inavyokunywa mafuta. Nikasema sita. Akahesabu mbele yangu: vijiko 18, kila kijiko gramu 4 hivi, mara siku saba. Nusu kilo ya sukari kila wiki, kwenye chai peke yake, kabla ya mandazi, soda na chapo madondo ya saa saba. Pakiti ya nusu kilo naijua vizuri, najua uzito wake mkononi. Sikuwa nimewahi kuifikiria ikiingia kwangu wiki baada ya wiki, mwaka mzima.

Hakunipa dawa siku hiyo wala orodha ya vyakula vya kizungu. Alisema nipunguze kilo nne kwanza, polepole, presha itaonekana ikishuka. Nitembee kwa haraka nusu saa siku tano za wiki. Na nusu ya sahani iwe mboga, ugali ukae pembeni kama mgeni.

Tepu nilirudishiwa saa kumi jioni, ina jasho la watu wote wa Nakuru. Niliifuta kwa kitambaa, nikainyoosha mezani, na kwa mazoea tu nikailaza kando ya rula ya chuma ya mita moja, ile ninayokatia suruali.

Rula iliishia 100. Hapo hapo tepu ilisoma 98.

Nikairudia mara tatu. Tepu yangu, niliyomhubiria nayo yule binti njia nzima, ilikuwa imerefuka. Wateja hawakuwa wamedhulumiwa, maana niliwapima kwayo na kupimia vitambaa vyao kwayo, kosa likajifuta lenyewe. Aliyedanganywa ni mmoja. Nilichukua chaki nikapiga hesabu kwenye kona ya meza: 109 yangu ilikuwa ni 111.

Jioni hiyo nilimpita kijana wa boda aliyezoea kunibeba, nikatembea hadi Kaptembwo. Nilifika miguu ikiwaka moto na mke wangu akidhani nimeibiwa nauli.

Mengine yalichukua miezi 14 na hayana hadithi. Kijiko cha tatu kilitoka wiki ya kwanza, cha pili kilinichukua hadi Pasaka. Managu nilizozichukia tangu utotoni sasa nazila. Nilifika kilo 72 na sentimita 97, kwa tepu mpya. Presha ikawa 128 kwa 82, sukari ikarudi chini ya 6. Kwa ile hesabu ya Quetelet bado nimezidi kidogo, kwa uzi bado ncha hazikutani. Daktari wa kliniki aliniangalia, akaangalia karatasi, akasema niendelee hivyohivyo.

Lisiloandikwa kwenye karatasi ni maneno ya watu. Kwetu mtu mzima akipungua, lazima ana ugonjwa au ana deni. Mama alikuja kutoka Njoro na kuku wawili na gunia la viazi, akamwita mke wangu jikoni wakazungumza mlango umefungwa. Mafundi wenzangu waliacha kunitania, ikawa kunihurumia, ambako ni kubaya zaidi. Na mteja wangu mmoja wa miaka mingi, mkubwa wa ofisi fulani, alifika asubuhi moja akasema kwa huzuni kwamba amebadilisha mawazo kuhusu ile suti, anaomba kitambaa chake kama kilivyo. Alikuwa ameniachia na malipo ya kwanza. Hakutaka kunizika na kitambaa chake kikiwa kabatini. Nikamkunjia vizuri, nikamrudishia na pesa zake.

Alirudi baada ya miezi mitatu, kitambaa kwapani, akanikuta nipo, napiga pasi. Tulisalimiana kama watu ambao hapakutokea kitu. Nikavua tepu shingoni nimzungushie, akaushika mkono wangu. Mshipi wake ulikuwa umeshuka vidole vingine viwili.

"Usijisumbue, fundi. Andika 38. Ni ile ile."

Nikaandika 38.