Mchawi wangu kafa mlangoni

Jana umeme ulikatika hapa Shangani, Mtwara, tukacheza Dungeons & Dragons ya kizamani, ule mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974: mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mtu na mhusika wake, na namba ya dadu ndiyo inaamua kama umefanikiwa. Karatasi, penseli na dadu ya pande 20. Dadu yenyewe hatuna! Tukakata vikaratasi 20, tukavitia kwenye kopo la korosho, tukawa tunachomoa.

Binamu ndiye msimuliaji, na hana huruma hata kidogo. Mchawi anayeanza ana uchawi mmoja tu kwa siku. Wangu niliutumia kuwasha mwanga pangoni. Nikasukuma mlango bila kuuliza. Panya watatu, wakubwa kama mbuzi. Nikachomoa 2, namba ndogo mno, mchawi kwisha.

Nimeshaandika mchawi mwingine. Huyu anatembea na kibatari.