Jiko la Arc 1800

Saa tisa alasiri. Dada, shemeji na watoto bado wako mlimani. Mimi nimebaki na sufuria ya maharage ya nazi na daftari langu.

Tulifika juzi hapa Arc 1800, kituo cha kuteleza kwenye theluji katika milima ya Alps, Ufaransa. Treni ya kutoka Paris inaishia bondeni, Bourg-Saint-Maurice. Pale unavuka daraja, unaingia treni nyingine inayovutwa kwa kamba, na kwa dakika saba hivi imekupandisha ubavu wa mlima hadi Arc 1600. Halafu basi hadi huku. Namba hizo, 1600 na 1800, ni takriban mita za kila kituo juu ya usawa wa bahari. Vituo hivi havikukua kutoka kijiji cha zamani. Vilichorwa mezani na kujengwa kwa ajili ya theluji na wageni wake, cha kwanza kikafunguliwa mwaka 1968.

Nilikuja nikiwa na kinyongo na majengo makubwa ya namna hii. Kinyongo kimeyeyuka. Yamelala na mteremko, na ng'ambo ya bonde Mont Blanc imesimama wazi.

Aliyeongoza usanifu ni mama mmoja, Charlotte Perriand, aliyezaliwa mwaka 1903. Kazi hii aliianza umri ukiwa umepita miaka 60. Nyumba zake ni nyembamba na ndefu kwenda ndani, ili nyingi zaidi zipate dirisha la kuelekea jua. Bafu letu lilitoka kiwandani likiwa zima, la plastiki ya poliesta, likaja kupachikwa tu, kwa sababu theluji huku haiwaachii mafundi miezi mingi ya kujenga.

Ila kilichonigusa ni jiko. Halina ukuta. Kati yangu na meza ya chakula kuna kaunta tu, na Perriand aliliacha wazi kwa makusudi, anayepika asitengwe na wenzake. Jana usiku nilikata vitunguu huku mpwa wangu akinionyesha kwa mikono jinsi alivyoanguka na kuinuka mara tatu. Sikukosa hata neno.

Kwa bibi, Tanga, jiko lilikuwa uani. Mama na shangazi zangu walipika kule moshini, kicheko cha barazani kikiwafikia vipande vipande. Nikiwa mdogo, mara nyingi nilitumwa mimi: "Hebu nenda kawaulize wanacheka nini." Nilikimbia, nikarudi na habari nusu, maana watu wazima walikuwa wameshahamia jambo jingine. Sisemi uani hapakuwa na raha. Palikuwa na mazungumzo ambayo barazani hawakuyasikia kamwe. Lakini mama alikuwa mpenzi wa hadithi, na nyingi zilimpita akiwa amepiga magoti mbele ya mafiga.

Ningemleta hapa. Ningemkalisha kwenye kile kigoda cha mbao kando ya kaunta, ageukie dirisha.

Nasikia viatu vizito vikigonga sakafu ya korido. Wamerudi, na mdogo ameshaanza kusimulia kabla mlango haujafunguliwa.